Jasho la Kioo cha Soni

Soni, 12 Mei 2024

Modesta,

Jana asubuhi ukungu wa Usambara yote, wa Magamba, wa Mlalo, wa Bumbuli na ule mchafu wa hapa Soni, ulipiga magoti mbele yangu ukasema: Shikamoo, fundi Aron. Nikauitikia marahaba kama mtu mwenye wajukuu, nikauambia kasimame nje, humu dukani kwa Mama Modesta huna kazi tena. Ukaondoka. Usicheke, ninao mashahidi.

Ni hivi. Mama yako kainunua ile shokesi ya baridi ya hoteli moja ya Lushoto iliyofungwa. Ndefu kama jeneza la mtu mrefu, mbele vioo vitupu, ndani taa. Akapanga mtindi, siagi na jibini zake, akaweka kiti, akangoja wateja. Kumbe kioo kinatoka jasho kuliko mpakiaji wa kabichi. Mteja anasimama, haoni jibini, anaona uso wake mwenyewe umevimba, anaondoka na uchungu. Maji nayo yanachuruzika mpaka kwenye ile sakafu nyekundu anayoipaka nta kila Jumamosi kama vile Askofu analala hapo.

Akaniita. Nani mwingine?

Sikiliza, upate kitu cha kuwaambia hao wauguzi wenzako. Kioo ni cha baridi, na hewa ya Soni imejaa maji. Hewa ikigusa kioo, yale maji yanatua. Basi ndani ya fremu ya kioo mna waya nyembamba za joto. Zikipata umeme, kioo kinapata joto kidogo tu, kama shavu la msichana aliyesifiwa (nakumbuka la kwako), na jasho linakata. Shida, zikiwaka kutwa umeme wa LUKU unakwisha kwaya haijamaliza ubeti wa pili. Ndipo nikaleta akili yangu. Nimefunga kiboksi cha kontrola na sensa. Sensa ni kidude kidogo kama pua. Nimeibandika juu kabisa ya shokesi, pale karibu na mota. Inanusa hewa. Ikinusa unyevu inaamuru waya ziwake. Ikinusa ukavu inazizima. Inafikiri yenyewe, jambo ambalo watu wengi wa hapa hawaliwezi.

Sasa kioo kinang'aa hata nzi wamejigonga.

Aliyenuna ni mmoja tu, binamu yako Kristian. Si kazi yake hapa duniani ilikuwa kufuta kile kioo na ile sakafu? Sisi tunamwita Waipa, kama ile ya kioo cha gari. Ameketi na tambara lake kwenye ndoo, anakiangalia kioo kikavu kama mtu aliyenyang'anywa mke. Nikamwambia: Waipa, sasa unaweza kulipumzisha na hilo jicho la pili. Duka zima lilicheka. Mama yako naye alicheka, ila akaficha kwa kanga.

Nijibu upesi, na uniite fundi.

Ni mimi,
Aron, fundi wa baridi, mshinda ukungu, kidato cha pili (niliacha kwa sababu walimu waliishiwa)


Tanga, 19 Mei 2024

Kwako Aron,

Barua yako imeletwa na Tobia ndani ya lori la kabichi. Nimeisoma, nikaona kabichi zilikuwa na akili zaidi.

Hata hivyo nimecheka, nikamsomea mwenzangu wa kitanda cha juu naye akacheka, akauliza huyu fundi ana mke? Nikamwambia hata baiskeli hana. Simu zetu matroni bado amezifungia kabatini mpaka tumalize muhula, kwa hiyo endelea kuandika. Huku joto limetukaanga. Hilo jasho unalolizuia kwenye vioo njoo ulizuie na shingoni kwangu.

Ila kuhusu kaka Kristian, Aron, ishia hapo. Mtu yule ni sawa na mjomba wako kwa umri. Unamwamkia? Najua humwamkii. Mimi alinibeba mabegani kuvuka mto kwenda shule masika nzima, na viatu vyangu akavivaa shingoni visilowe. Na lile jicho hakuzaliwa nalo vile. Ni kibanzi cha kuni alizokuwa anapasua kwenye msiba wa baba yangu. Wewe ulikuwa mtoto ukila pilau ya zile kuni.

Hana shamba wala mke, na chumba cha nyuma ya duka ndiyo nyumba yake. Mashine yako isije ikamtoa. Mama amemzoea, lakini mama akichoka anasikiliza mtu anayepiga kelele zaidi, na hapo Soni ni wewe.

Kwenye bahasha ya kaki kuna kitambaa. Nimekifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, pembeni maua ya bluu. Unajua kwetu: redio, televisheni wala friji, hakuna kinachokaa uchi. Mpe mama mkononi, mwambie ni cha nyumba, popote atakapopenda kukiweka.

Modesta


Soni, 2 Juni 2024

Modesta, mfumaji wa Tanga na vitongoji vyake,

Kitambaa kimefika. Sasa kimekaa juu ya shokesi, ncha zimening'inia mbele kama sharubu za mkoloni. Wateja wanaulizia bei yake kabla ya kuulizia mtindi. Mke wa mwinjilisti amekipapasa mara tatu akasema mkono uliofuma hiki ni mkono wa kuolewa. Mimi nikakohoa kidogo, nikatazama dari. Mgosi, mwanamume mzima wa Kisambaa, lazima ajue wakati wa kutazama dari.

Kuna kajambo kadogo tu. Kioo kimeanza tena kutoka jasho.

Usiniulize kama mashine ina kosa. Haina. Nimefungua kontrola nikapima waya, nikapima fyuzi, kila kitu kizima kama mimi. Sasa nenda na mimi polepole, maana wewe umesoma na waliosoma huwa mnachelewa. Kwenye kile kiboksi kuna kitufe cha kuzungusha, kina sehemu tatu: izime, iwake, au ijiamulie. Mtu akikigeuza kwenye kuzima, hata sensa inuse mpaka ipate mafua, waya hazipati moto. Na nani analala nyuma ya duka? Nani alikuwa na kazi, akaipoteza, na kioo kikilowa anaipata tena? Haya. Jibu lina jicho moja.

Nimeanza kumtibu kwa dawa yangu. Kila asubuhi mama yako akifungua, nawahi kwenye kioo kabla Waipa hajaja na ndoo. Nachora kwa kidole katikati ya ule ukungu: uso mkubwa, jicho moja. Wateja wanacheka mpaka wanamwaga mtindi. Yeye anakuja, anatazama, anafuta. Kesho yake nachora tena. Juzi nimemwongezea meno. Leo amefuta kioo chote lakini ule uso akauacha mpaka mwisho, akasimama nao ana kwa ana, pua kwa pua, halafu akafuta jicho kwanza. Nilikaa chini kwa kicheko.

Unaona mambo unayoyakosa huko.

Aron, fundi, mchoraji, mtazama dari


Soni, 9 Juni 2024

Mwanangu Modesta,

Marahaba, na Bwana akulinde. Sisi wazima, kifua tu kwa baridi hii.

Nakuandikia jambo linalonikosesha raha. Ile shokesi inatoa maji tena. Yule bwana wa hoteli anayechukua jibini alikuja Jumatano, akainama mbele ya kioo, akasema, "Mama, mimi sinunui kitu kwenye giza," akaondoka. Hakurudi. Shokesi nimeinunua kwa ng'ombe wawili wa baba yako, unajua.

Aron anasema ni Kristian anazima kitufe usiku. Nimemwita Kristian nikamuuliza. Amesema, "Mama, sikugusa." Nikamuuliza tena, akasema vilevile. Hakuongeza. Ungemjua mtu mwongo kwa maneno mengi, lakini yeye hana hata maneno ya kutosha ya kujitetea, nami sijui hiyo inahesabika vipi.

Kama anagusa, siwezi kuendelea kumlaza nyuma ya duka. Itabidi aondoke na chumba pia. Kama hagusi, basi namwonea mtoto wa wifi yangu. Aron ni kijana wa maneno lakini ndiye anayejua mambo ya umeme. Mimi umeme najua kuwasha na kuzima.

Baba yako angekuwepo angeamua yeye. Sasa mwenye shule humu ndani ni wewe. Niandikie neno moja. Utakalosema nitalifuata.

Mama yako,
Dorkasi


Tanga, 13 Juni 2024

Aron,

Leo sitaki utani hata mmoja. Mama ameniachia niamue kama Kristian aondoke. Umesikia? Mimi niamue, niliyeko huku, nisiyeona kioo wala kitufe. Nina macho yako tu.

Umemwona Kristian akigusa kile kitufe? Sikuulizi unachofikiri. Umemwona?

Jibu kwa Tobia huyuhuyu.

Modesta


Soni, 16 Juni 2024

Modesta,

Umeniandikia kama hakimu, nami nakujibu kama shahidi, nimevua kofia.

Nimemwona. Naapa kwa kipaimara changu na kwa mkono ninaoshikia bisibisi. Nimemwona kwa macho yangu mawili, idadi ambayo yeye hana. Alikuwa amejikunja nyuma ya shokesi, mkono kwenye kiboksi, anazungusha. Nilipokohoa akashika ndoo akajifanya anatafuta tambara.

Umeomba nisitanie. Sijatania, ile ya macho ilinitoka tu.

Kama unaniamini, amua. Kama huniamini, mwambie mama yako amwite fundi wa Korogwe aje na gari lake na bei zake, atakuta kila waya uko mahali pake, na mimi nitahama mji.

Aron


Tanga, 20 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefikiri siku nyingi na nimeomba.

Aron amemwona kwa macho akigusa. Mtu anayeharibu chakula chetu huku analala ndani mwetu ni hatari zaidi ya mwizi. Najua alitubeba, najua habari ya jicho. Lakini fadhila za zamani si ruhusa ya kutuangamiza.

Mwondoe mtu huyo, na chumba akiache. Usilie mbele yake.

Mwanao,
Modesta


Mombo, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Modesta,

Sijui kuandika sana. Hii naandika mwenyewe polepole hapa stendi, juu ya gunia la mtu.

Mama alinisomea barua yako. Nilimwomba anisomee yote, akasoma. Pale uliposema "mtu huyo" nikamwambia asome tena, nikidhani amekosea mstari. Hakukosea.

Sikugusa.

Chumba nimekiacha kimefagiwa. Ufunguo uko juu ya mlango. Blanketi ni la kwenu, nimeliacha. Tambara la kufutia nilikuwa nalo mwenyewe, lilikuwa shati langu, hilo nimeondoka nalo. Kioo wakifute kwa ulimi wa Aron, ni mrefu, utafika kila pembe.

Ukimaliza uuguzi ukaja kutibu macho, usinitafute.

Kristian


Soni, 7 Julai 2024

Modesta,

Habari fupi maana nina kazi nyingi, watu wamejua jina langu mpaka Mombo.

Kioo kimepona. Kikavu! Ukungu nje umekaa mpaka saa tano unaomba ruhusa kwa adabu, ndani jibini inaonekana mpaka vitundu vyake. Yule bwana wa hoteli amerudi, amechukua nyingi, amesema "safi". Nimesema asante kwa sauti ya kawaida kabisa, ungeniona.

Baridi ni kali. Mbuzi wa jirani wamekula sabuni. Kwaya ya vijana imepata kinanda lakini mpigaji hawajapata, nimewaambia wanijaribu.

Mama yako anakusalimu sana. Haandiki kwa sasa, mikono imekuwa na shughuli.

Aron


Tanga, 14 Julai 2024

Aron wangu,

Nimekuandika hivyo na sifuti.

Umenificha, lakini Tobia hana siri, hata akipewa ya kabichi. Amenieleza yote. Kwamba baada ya Kristian kuondoka kioo kiliendelea kulia, na wewe ukasema anarudi usiku kwa dirisha la nyuma, mama akatia kufuli. Kwamba maji yalijaa sakafuni na hapakuwa na wa kuyafuta. Kwamba mama alikuwa amebeba kreti ya maziwa, akateleza, mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. "Mikono imekuwa na shughuli"! Nilikusoma nikacheka, mjinga mimi. Kumbe ulikuwa unanikinga nisilie mbali na nyumbani.

Tobia amesema ulivuta kitambaa changu juu ya shokesi, ukamfunga mama mkono ukaning'inia vizuri kuliko tunavyofundishwa hapa, ukambeba mgongoni mpaka kwenye gari. Halafu ulirudi, ukaingiza mkono nyuma ya kontrola, ukatoa kipande cha waya alichokata Kristian, kioo kikapona mbele ya watu wote. Nilisikia nikajionea aibu. Mimi nilikuuliza maswali kama mwizi, kumbe ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo.

Nami nimefanya sehemu yangu. Nimesikia Kristian anabeba mizigo stendi ya Mombo, na baba mdogo Sefania wa Mlalo alitaka kumchukua akamsaidie shamba. Nimemwandikia baba mdogo, nimemweleza habari ya waya. Amejibu hatampokea, wala kumpa maji ya kunywa. Ameitangaza habari hiyo kwenye ukoo mzima. Mtu aliyemvunja mama mkono hawezi kula mezani kwetu popote.

Sasa mambo mawili. La kwanza, mwenye kutazama dari akileta barua ya posa kwetu, sitaikataa. Mama nimemwambia, na ameridhika.

La pili ni dogo. Mama anasema kitambaa kimefuliwa damu imetoka yote. Anataka kukiona kimerudi juu ya shokesi kama zamani, kabla watu hawajaja kumpa pole Jumapili ijayo. Mkono wake haufiki juu. Kitandike wewe, ncha zining'inie vilevile.

Wako,
Modesta


Soni, 28 Julai 2024

Modesta,

Nimeichana barua hii mara nyingi. Mara ya kwanza ilikuwa na utani mzuri sana kuhusu mbuzi, ungeupenda.

Jumapili hiyo imepita na kitambaa bado kiko kwangu. Nimemwambia mama yako hakijakauka. Kimekauka. Kiko juu ya goti langu hapa ninapoandika. Siwezi kukirudisha juu ya shokesi, kwa sababu nikikirudisha kioo kitalia tena, na safari hii hakuna Kristian wa kusingizia.

Acha nianze na la Mombo maana ndilo jepesi.

Nilimfuata. Nilishuka na gari la asubuhi nimevaa shati la kanisani. Nilimkuta amebeba gunia la viazi, mtu mwingine anamfuata nyuma anamharakisha. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Shikamoo, kaka Kristian." Sijawahi kumpa hiyo salamu tangu nimejua kusema. Akatua gunia. Akageuza kichwa ili lile jicho bovu ndilo linielekee mimi, na lile zima likaendelea kutazama basi lililokuwa linaingia. Hakuitika. Nikarudia, "Shikamoo." Watu wa stendi wakageuka, unajua watu wanavyogeuka mkubwa asipoitika. Mama mmoja muuza machungwa akasema, "Huyu kijana kamfanya nini?" Kristian akajitwisha gunia lake. Akasema kwa yule aliyekuwa anamharakisha, "Twende, hapa pana maji." Palikuwa pakavu, Modesta.

Nilikuwa nimekwenda kumwambia arudi. Sikumwambia. Nilinunua machungwa nikapanda gari, nikayala yote njiani.

Sasa la waya. Ile waya aliyoiona Tobia ilitoka mfukoni mwangu. Kila siku nina vipande mfukoni. Siku ile mama yako alipoanguka, nilivuta kitambaa juu ya shokesi nikamfunga mkono, nikambeba, nikarudi dukani kuchukua mkoba wake wa kadi ya bima. Nikakuta watu wamejaa wanatazama kioo. Kilikuwa kinakauka. Kilianza pembeni kwenye fremu, kikaja mpaka katikati, jibini ikaanza kuonekana kipande kwa kipande. Hakuna aliyekigusa. Nikaangalia juu. Sensa ilikuwa imekaa wazi.

Nikaelewa yote pale niliposimama. Chini ya kitambaa palikuwa na joto la mota, limefungiwa, kavu kama tanuru. Pua ilikuwa inanusa lile joto, inadhani Soni yote ni jangwa, inazima waya. Kitambaa kilipotoka ikanusa Soni yenyewe. Kitufe hakikuwahi kusogea. Sikuwahi kumwona mtu akikigusa, wala nyuma ya shokesi hakujikunja mtu. Nilikuwa nimechora ule uso kwenye kioo siku nyingi mno, ikawa nikifumba macho namwona kweli yuko pale.

Wakaniuliza, "Fundi, imekuwaje?" Hapo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, mama yako ndani ya gari anaugua, Kristian yuko Mombo tu, si mbali. Mimi nikaingiza mkono nyuma ya kontrola, nikatoa kile kipande, nikakiinua. Nikasema, "Waipa alikata hii." Wakapiga makofi. Modesta, walipiga makofi, nami nikainama kidogo kama wanavyoinama kwaya.

Ukiamua kuniita mwongo, nakubali. Na lile la posa, najua umeshalifuta. Mwandikie baba mdogo Sefania. Mwandikie na Kristian, ingawa sidhani atafungua. Mama yako nitamwambia mwenyewe leo, nikimaliza hii, ndiyo maana sina haraka ya kuimaliza.

Lakini yote hayo yalikuja baadaye. Kilichoharibika kweli ni kimoja, na kilitokea siku ile bahasha ya kaki ilipofika, kabla kioo hakijatoa tone tena. Uliniagiza nimpe mama yako mkononi, popote atakapopenda. Nilimpa. Alikipenda, akakitandika juu ya redio, akakinyoosha, akarudi nyuma kukitazama. Kristian alikuwa pale, akasema, "Hapo pamekikaa." Mama yako alipotoka nikakitoa kwenye redio nikakitandika juu ya shokesi, juu ya sensa niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe, ili kila anayeingia nimwambie kwamba umeifumia mashine yangu.

Aron